Sadaka, Dhabihu na Kafara: Maana ya Matoleo katika Ibada ya Waisraeli wa Kale

Utangulizi

Msomaji anayefungua kitabu cha Mambo ya Walawi katika Tafsiri ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, hukutana na neno sadaka karibu katika kila aya ya sura saba za mwanzo. Iko sadaka ya kuteketezwa, sadaka ya unga, sadaka ya amani, sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia. Aina tano za matoleo zimekusanywa chini ya jina moja, na msomaji hana budi kudhani kwamba ni matawi matano ya tendo moja. Katika Kiebrania mambo hayako hivyo. Kila toleo lina jina lake, yaani ola, minha, zebah shelamim, hattat na asham, wala hakuna hata moja kati ya majina hayo lililotokana na mzizi uliozaa neno sadaka.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya matoleo hayo kwa kufuata njia mbili kwa pamoja: njia ya maneno na njia ya matendo. Njia ya kwanza inamfaa hasa mtaalamu wa Kiswahili. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, lakini sehemu kubwa ya msamiati wake wa dini imekopwa kutoka Kiarabu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania katika jamii ya lugha za Kisemiti. Kwa hiyo maneno mengi ya ibada ya Waisraeli wa kale yana ndugu zake katika Kiswahili cha leo. Undugu huo ni msaada, lakini pia ni mtego, kwa maana maneno yaliyozaliwa na mzizi mmoja yanaweza kuishi maisha mbalimbali kabisa. Njia ya pili ndiyo inayoepusha mtego huo: kutazama nani alichinja, damu ilipelekwa wapi, nyama ililiwa na nani, na kitu gani kilibaki.

Kukaribia na kukaribishwa

Neno la jumla ambalo Kiebrania hulitumia kwa matoleo yote ni qorban, ambalo Tafsiri ya Muungano huliita matoleo. Mzizi wake ni konsonanti q-r-b, na maana yake ni kuwa karibu. Mzizi huo huo, kwa kupitia Kiarabu, umekipa Kiswahili maneno karibu, karibia na akraba. Kitenzi cha kutoa toleo ni hiqrib, nacho kimejengwa katika hali ya kusababisha, sawasawa na mnyambuliko wa Kiswahili wa -isha. Tukio la mtu kupeleka mnyama wake madhabahuni, likisemwa kwa mzizi wake, ni kukaribisha.

Hapo pana jambo la msingi. Neno la Kilatini lililozaa majina ya tendo hili katika lugha nyingi za Ulaya lina maana ya kufanya kitu kiwe kitakatifu. Neno sadaka hutia mkazo katika ukarimu wa mtoaji. Qorban halisemi lolote juu ya kuua, wala juu ya kupoteza mali, bali hutaja umbali unaopunguzwa. Mungu wa Israeli aliaminika kukaa katikati ya watu wake, katika hema na baadaye katika hekalu la Yerusalemu, na mtu hakuweza kumwendea ovyo. Matoleo yalikuwa utaratibu wa kumwendea. Kila aina, kama itakavyoonekana, ilishughulikia sehemu moja ya safari hiyo.

Ola na minha: heshima na zawadi

Ola ni toleo lililoteketezwa lote juu ya madhabahu, isipokuwa ngozi, ambayo ilikuwa haki ya kuhani. Jina lenyewe halihusu moto. Mzizi wake ni wa kupanda juu, na ola ni kile kinachopaa, yaani moshi unaokwea kutoka duniani. Sheria iliruhusu fahali, kondoo, mbuzi, na kwa asiye na uwezo, hua au kinda la njiwa. Kila siku asubuhi na jioni mwana-kondoo mmoja alitolewa hivyo kwa niaba ya taifa zima, pamoja na unga, mafuta na divai. Hakuna aliyekula nyama ya ola. Mtu aliyeitoa hakurudi na chochote, na kwa sababu hiyo ilikuwa alama ya heshima isiyo na masharti.

Minha lilikuwa toleo la nafaka: unga safi uliotiwa mafuta, chumvi na ubani, bila chachu wala asali. Kuhani alichukua konzi moja ya unga pamoja na ubani wote akaviteketeza, na unga uliosalia ukawa chakula cha makuhani. Nje ya ibada, neno minha lilikuwa na kazi ya kawaida kabisa. Yakobo alipompelekea Esau makundi ya wanyama ili kuituliza hasira yake, wanyama hao waliitwa minha. Ndugu zake Yusufu walipobeba asali na lozi kwenda Misri, mzigo huo uliitwa minha. Kodi waliyolipa watu waliotawaliwa na mfalme Sulemani nayo iliitwa minha. Hili basi ni neno la ikulu: zawadi ya mdogo kwa mkubwa, inayokiri ukubwa wake na kumwomba uso wa wema.

Kwamba ola na minha hayakuwa maneno ya kubadilishana huonekana wazi katika karatasi za mafunjo za Elephantine, kisiwa cha mto Nile kusini mwa Misri, ambako palikuwa na askari Wayahudi waliokuwa na hekalu lao. Hekalu hilo lilibomolewa mwaka 410 K.K. Mwaka 407 K.K. viongozi wao waliandika barua kwa liwali wa Uyahudi wakiomba msaada ili lijengwe tena, na ili watoe humo minha, ubani na ola. Jibu liliwakubalia kujenga, na likataja minha na ubani tu. Ola haikutajwa. Maneno mawili yaliruhusiwa, la tatu likaachwa, na katika barua nyingine watu wa Elephantine walikubali kwamba kondoo, ng'ombe na mbuzi hawatateketezwa huko. Kwa watu wale, tofauti ya majina ilikuwa tofauti ya haki na mamlaka.

Yafaa kutaja pia kwamba neno la Kiebrania la ubani, lebona, ni ndugu wa Kiarabu luban, ambalo limekuwa ubani katika Kiswahili. Katika neno hili kitu na jina vimesafiri pamoja, na maana haikupotea njiani.

Zebah: mlo wa pamoja

Zebah ni ndugu halisi wa dhabihu. Sauti z ya Kiebrania inalingana hapa kwa kanuni na dh ya Kiarabu, kama vile mizbeah inavyolingana na madhabahu. Mzizi wake unahusu kuchinja. Hata hivyo, mwenye kusikia dhabihu akafikiri juu ya mnyama aliyepotea kwa ajili ya Mungu atakuwa amekosea, kwa kuwa zebah ndilo toleo pekee lililokuwa chakula cha mtoaji mwenyewe.

Mgawanyo ulikuwa hivi. Shahamu ya matumboni, figo na kipande cha ini viliteketezwa juu ya madhabahu. Kidari na paja la kuume vilikwenda kwa makuhani. Nyama iliyobaki ililiwa na mtoaji, jamaa zake na wageni wake. Toleo la shukrani lilipaswa kuliwa siku hiyo hiyo, na toleo la nadhiri au la hiari liliruhusiwa mpaka siku ya pili. Kilichosalia siku ya tatu kilichomwa moto. Masharti hayo ya muda yalikuwa na matokeo ya kijamii yasiyofichika: mtu aliyechinja ng'ombe mzima na kulazimika kummaliza kwa siku moja hangeweza kula peke yake. Ilimbidi aite watu.

Jina la pili la toleo hili, shelamim, latokana na mzizi sh-l-m, ambao katika Kiarabu ni s-l-m na katika Kiswahili umetoa salama na salamu. Katika Kiebrania mzizi huo hugusa ukamilifu, ustawi, na hata kulipa deni likaisha. Wafasiri wa Kigiriki walioshughulikia vitabu vya Torati huko Misri walichagua neno la wokovu. Wale waliofasiri vitabu vya Samweli na Wafalme walichagua neno la amani, na Kilatini kikafuata njia hiyo. Sadaka ya amani ya Kiswahili imerithi chaguo hilo. Si chaguo baya, lakini msomaji asidhani kwamba palikuwa na vita vilivyohitaji kusuluhishwa. Toleo hili lilikuwa la watu ambao tayari walikuwa salama na Mungu wao, wakakaa kula mezani pake. Mwaka 1889 mwanazuoni wa Uskoti William Robertson Smith alishika mlo huu akaufanya chanzo cha ibada yote ya kuchinja miongoni mwa Wasemiti. Nadharia yake ilivuka mipaka ya ushahidi, lakini alikuwa ameona jambo la kweli ambalo nadharia ya zawadi peke yake haikuweza kulieleza.

Hattat na asham: majina yaliyopishana

Katika aina mbili za mwisho ndipo undugu wa maneno unapoleta utatanishi mkubwa zaidi. Hattat limefasiriwa sadaka ya dhambi, na asham limefasiriwa sadaka ya hatia. Lakini neno la Kiswahili hatia limetoka katika Kiarabu khati'a, ambalo ni ndugu wa hattat, si wa asham. Ndugu wa asham katika Kiarabu ni ithm. Kwa kufuata mizizi, basi, sadaka ya hatia ingekuwa jina la toleo la nne, ambapo leo ni jina la toleo la tano. Hili si kosa la tafsiri, kwa sababu mfasiri hufuata maana ya neno katika lugha yake, wala hafungwi na nasaba yake. Ni onyo kwa anayetaka kufika kwenye maana kwa njia ya mkato.

Asham lilihusu madai. Mtu aliyetumia kitu kitakatifu isivyo halali, au aliyemdhulumu mwenzake amana kisha akaapa kwa uongo, alirudisha kitu chenyewe, akaongeza sehemu ya tano ya thamani yake, kisha akaleta kondoo dume. Kwa mali ya mwenzake, mpangilio huo una uzito: haki ya aliyedhulumiwa ilitimizwa, na kondoo hakuwa badala ya malipo hayo.

Hattat ni gumu zaidi. Kitenzi chake cha kawaida kina maana ya kukosa, hata kukosa shabaha. Kitabu cha Waamuzi hukitumia kwa wapiga teo 700 wa kabila la Benyamini ambao hawakukosa hata unywele. Lakini kitenzi hicho kikiwekwa katika umbo la kukaza konsonanti ya kati, maana hugeuka kuwa kuondoa kosa, kutakasa. Mwenye kujua Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwa maana kunja na kunjua, ziba na zibua, hutenda kazi inayofanana. Mtaalamu Jacob Milgrom (1923–2010), ambaye aliandika sherehe ndefu ya kitabu cha Walawi, alishikilia kwamba jina hattat linatokana na umbo hilo, na kwamba toleo lenyewe ni toleo la utakaso.

Ushahidi wa matendo unamuunga mkono. Hattat lilitakiwa kwa mwanamke aliyejifungua, kwa mnadhiri aliyetimiza nadhiri yake vema, na kwa madhabahu mpya ambayo haikuweza kutenda dhambi. Damu yake haikupakwa juu ya mkosaji. Ilipakwa katika pembe za madhabahu. Kosa la mtu wa kawaida lilihitaji damu katika madhabahu ya uani. Kosa la kuhani mkuu au la kusanyiko zima lilihitaji damu ndani ya hema, mbele ya pazia. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, damu ilipelekwa nyuma ya pazia hilo. Kadiri kosa lilivyokuwa zito, ndivyo uchafu wake ulivyodhaniwa kupenya ndani zaidi ya nyumba ya Mungu, na ndivyo damu ilivyofuata ndani kuuondoa. Damu ilikuwa na uwezo huo kwa sababu iliaminika kubeba uhai, na kwa sababu hiyo hiyo ilikatazwa kuliwa.

Wengi wameeleza toleo hili kwa namna nyingine: mnyama alibeba adhabu iliyomstahili mtu, na mkono uliowekwa juu ya kichwa chake ulihamisha hatia. Maelezo hayo yana historia ndefu na hayawezi kupuuzwa. Lakini yanakabiliwa na mambo matatu. Kwanza, nyama ya hattat ya mtu wa kawaida iliitwa takatifu sana na kuliwa na makuhani, jambo ambalo ni gumu kulielewa ikiwa imejaa dhambi. Pili, katika matoleo haya mtu aliyechinja mnyama wake mwenyewe alikuwa ni mtoaji, na kazi ya kuhani ilianza na damu. Kama kifo ndicho kingekuwa kilele, kingewekwa mikononi mwa kuhani. Tatu, fukara asiyeweza kupata hata njiwa wawili aliruhusiwa kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga, yaani kama lita mbili, bila mafuta wala ubani, na toleo lake likakubaliwa kuwa hattat kamili. Katika unga hakuna damu wala kifo.

Kafara na mbuzi wa nyikani

Kitenzi kinachoeleza matokeo ya hattat ni kipper. Mzizi wake, k-p-r, ni ndugu wa k-f-r ya Kiarabu, iliyokipa Kiswahili kafara, na vilevile kufuru na kafiri. Katika Kiarabu maana ya msingi ni kufunika. Katika Kiakadi, lugha ya Babeli, kitenzi kilicho ndugu yake hutumika kwa kupangusa na kutakasa. Katika Kiebrania kipper huelekea upande wa kupangusa linapohusu madhabahu, na upande wa fidia linapohusu uhai wa mtu. Tafsiri ya Muungano imesema kufanya upatanisho, maneno yanayotaja tunda la tendo zaidi kuliko tendo lenyewe.

Je, kafara lingefaa zaidi? Katika sheria ya Kiislamu, kafara ya kiapo kilichovunjwa ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku tatu. Katika mila za pwani, kafara ni kitu kinachotolewa ili kuondoa balaa au maradhi: balaa huhamia katika kitu hicho, nacho hutengwa na watu. Maana hii ya pili ina mfano wake katika Israeli, lakini si madhabahuni. Katika ile siku ya kumi ya mwezi wa saba, mbuzi wawili walipigiwa kura. Mmoja alichinjwa kuwa hattat. Juu ya mwingine kuhani mkuu aliweka mikono yote miwili, akaungama maovu ya watu, na mbuzi huyo akapelekwa akiwa hai nyikani kwa Azazeli. Huyu ndiye aliyebeba maovu, na ni yeye huyo ambaye hakuchinjwa wala hakuteketezwa. Kuwaita mbuzi wote wawili kafara kungefuta tofauti ambayo sherehe nzima iliwekwa ili kuionyesha.

Manabii na neno sadaka

Utaratibu huu ulikuwa na mipaka, na wenyewe waliijua. Kitabu cha Hesabu chasema kwamba anayekosa kwa kiburi na makusudi hana toleo la kuleta. Manabii wa karne ya 8 K.K., Amosi, Hosea, Isaya na Mika, waliwakemea watu waliojaza madhabahu huku wakiwapokonya wanyonge. Hawakusema kwamba Mungu hakaribiwi. Walisema kwamba mkono uliojaa damu ya dhuluma hauwezi kumkaribia.

Hapo ndipo neno sadaka linapoonekana katika sura ya ajabu. Amosi anapokataa ola na minha za watu wake, anataja kitu kinachotakiwa mahali pake, na jina la kitu hicho ni tsedaqa. Mzizi wake, s-d-q, ndio uliozaa sadaka na kusadiki. Katika kinywa cha Amosi neno hilo lilimaanisha haki, na ndivyo Tafsiri ya Muungano ilivyolifasiri. Kwa hiyo, katika aya zinazofuatana, msomaji wa Kiswahili husoma kwamba sadaka zimekataliwa na haki imetakiwa, na kumbe ile haki iliyotakiwa ndiyo ndugu wa neno sadaka.

Maisha ya neno hilo hayakuishia hapo. Baadaye Wayahudi walianza kulitumia tsedaqa kwa maana ya msaada apewao maskini, na wataalamu wengi huona kwamba neno la Kiarabu lenye maana hiyo limeguswa na matumizi yao. Mwaka 70 B.K. Warumi walipoliteketeza hekalu la Yerusalemu, madhabahu ilikoma. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alimfariji mwanafunzi wake aliyelia mbele ya magofu kwa kumwambia kwamba matendo ya hisani yangali yanatakasa. Sala ziliwekwa katika saa za matoleo ya kila siku, na sala ya alasiri ikaitwa minha mpaka leo. Msaada kwa maskini ulikuwa mojawapo ya vitu vilivyokalia kiti cha ola. Lugha ya Kiswahili, iliyoliita toleo la kuteketezwa kwa jina la msaada huo, imeziweka chini ya neno moja zama mbili ambazo katika historia zilifuatana.

Hitimisho

Matoleo ya Waisraeli wa kale hayakuwa tendo moja lenye majina matano. Ola ilitoa heshima, minha ilikiri enzi, zebah ilikusanya watu kula pamoja, hattat ilitakasa mahali pa kukutania, na asham ilirudisha haki ya aliyedhulumiwa. Kilichoyaunganisha si kuchinja, kwa kuwa minha haikuwa na damu, na hattat ya fukara haikuwa na damu pia. Kiungo chake ni kile kilichomo katika neno qorban, yaani kumwezesha mtu kukaribia.

Si lazima majina yaliyokwisha zoeleka katika Biblia ya Kiswahili yaondolewe. Waumini wameyasali na kuyaimba kwa miaka mingi, na lugha ina haki ya kushika kilicho chake. Lakini mtunga kamusi, mwalimu na mfasiri wanadaiwa jambo moja. Chini ya sadaka, dhabihu na kafara waandike kila kimoja kinatenda nini, kinatendewa wapi, na nani hula kinachobaki. Mzizi ulio sawa huonyesha maneno yalikotoka. Mahali yalipofika hujulikana kwa kazi yanayoifanya.